Draiva zitafutwe kabla ya diski kufutwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nichangie ushauri uliotolewa hivi karibuni katika safu yako ya teknolojia, kwamba mwenye kompyuta mpakato iliyochoka, au mwenye programu ya zamani inayogoma kwenye mifumo mipya, anaweza kuifuta mashine yake na kuipiga Windows ya miaka iliyopita, kazi ambayo mwandishi aliipa nusu saa. Sina ugomvi na wazo lenyewe, maana nami nimelifanya na silijutii. Ugomvi wangu ni na hiyo nusu saa. Kunakili faili za mfumo endeshi kwenye diski ni kazi fupi kweli, tena mtu anaweza kwenda kuoga akarudi akakuta imekwisha. Kinachofuata, yaani kutafuta draiva ya kila kifaa kilichomo ndani ya mashine, ndicho kilichonichukua jioni tatu na nusu ya siku ya Jumamosi, na mwandishi hakukigusa hata kwa sentensi moja.

Kwa msomaji asiyelizoea neno hili, draiva ni programu inayokaa kati ya mfumo endeshi na kifaa fulani, iwe kadi ya mtandao, kadi ya sauti, kamera au skana, na kuueleza mfumo namna ya kukiamuru kifaa hicho na kuelewa majibu yake. Windows huja na draiva nyingi tumboni mwake, lakini ni za vifaa vilivyojulikana siku ilipotoka. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, na kwa hiyo haiwezi kukijua kifaa kilichobuniwa mwaka 2013 isipokuwa aliyekitengeneza awe ameketi na kuiandikia draiva yake. Ndiyo maana kurudi nyuma ni kugumu kuliko kwenda mbele. Anayeweka mfumo mpya kwenye mashine ya zamani mara nyingi hukuta mfumo unaifahamu mashine kuliko hata yeye mwenyewe, ilhali anayeweka mfumo wa zamani kwenye mashine iliyozaliwa baada yake hukuta mfumo umeduwaa kama mgeni aliyeingia nyumba asiyoijua gizani.

Kilichonipeleka huko ni skana. Ninayo moja ya kioo, nzito, inayosoma picha na nyaraka chakavu kwa usafi ambao sijaupata kwingine. Mtengenezaji wake, ambaye sitamtaja, aliiandikia draiva ya mwisho kwa ajili ya Windows 7 kisha akaiacha. Kioo chake hakina mkwaruzo, taa inawaka, mota inatembea, lakini nilipoiunganisha na mashine yenye Windows mpya ilijongeza taa yake sentimita chache, ikairudisha, ikanyamaza. Nilikuwa na kompyuta mpakato ya mwaka 2014 iliyokuja na Windows 8.1, nikaamua kuirudisha kwenye Windows 7 iwe mtumishi wa skana hiyo peke yake. Kwa maneno mengine, nilirudi nyuma kwa sababu ya draiva moja iliyokosekana mbele, nikafika huko nyuma nikakuta zimekosekana saba.

Kikwazo cha kwanza kilinikuta kabla hata Windows haijaingia. Niliandaa flashi, nikawasha mashine, ukurasa wa kuchagua lugha ukatokea, nikabonyeza kuendelea, na hapo nikaambiwa kwamba draiva ya kisoma CD au DVD haipo, kwenye mashine isiyokuwa na kisoma CD cha aina yoyote. Nilidhani flashi ina hitilafu, nikaiandaa upya mara mbili, jibu likawa lile lile. Maelezo yake niliyapata baadaye, nayo yanampendeza mtu anayetaka kujua mambo yanavyokwenda. Mwanzoni flashi husomwa na BIOS, yaani programu ya msingi iliyomo kwenye ubao mkuu na inayoiamsha mashine, ambayo inayafahamu matundu ya USB ya mashine yake. Lakini kiini cha Windows kikishapanda kwenye kumbukumbu na kushika usukani, BIOS hukaa pembeni, na Windows hulazimika kuyasoma matundu yale kwa draiva zake yenyewe. Windows 7 haikuja na draiva ya USB 3.0. Basi inaikana flashi ile ile ambayo mashine ilikuwa ikiisoma dakika moja kabla. Mashine yangu ina matundu mawili yenye ulimi wa buluu, ambayo ni ya USB 3.0, na moja lenye ulimi mweusi, la USB 2.0. Nilihamishia flashi kwenye lile jeusi, na kazi ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Eneokazi lilipojitokeza nilicheka kwanza kabla ya kukasirika. Skrini pana ilikuwa ikionyesha picha ya kipimo cha zamani, 1024 kwa 768, iliyovutwa pande mbili hadi kila duara likawa yai. Sauti hapakuwa. Waifai hapakuwa, na hata waya wa mtandao nilipouchomeka haukuwasha taa yake ndogo ya kijani. Nilifungua orodha ya vifaa, ile ambayo Windows huiita Device Manager, nikakuta safu ya alama za mshangao za manjano, na majina yasiyosaidia: kidhibiti cha mtandao, kidhibiti cha ethaneti, kidhibiti cha USB, kifaa kisichojulikana. Kimoja kilijiita “PCI Simple Communications Controller”, jina linaloweza kumpoteza mtu siku nzima akitafuta draiva ya modemu, kumbe kwenye mashine zenye chipu za Intel kwa kawaida ni mlango wa mfumo mdogo wa usimamizi uitwao Management Engine, usiohusiana na modemu kabisa.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa draiva ya mtandao iko mtandaoni na mtandao haupatikani bila draiva. Aliye na kompyuta ya pili ana afueni. Asiyekuwa nayo, na ambaye ameshaifuta ile moja aliyokuwa nayo, hujikuta amefungiwa nje na ufunguo umebaki ndani.

Kilichonitoa katika hali hiyo ni namba. Kila kifaa kinachokaa kwenye njia ya PCI, yaani njia ya ndani inayounganisha vifaa na ubao mkuu, hujitambulisha kwa namba mbili zenye tarakimu nne nne za mfumo wa kumi na sita, moja ikiwa ya mtengenezaji wa chipu na nyingine ya chipu yenyewe, na namba hizo haziulizi ni mfumo gani uliopo kwenye diski. Hata Windows iliyoduwaa kabisa, isiyojua kifaa kinafanya kazi gani, inaweza kuzisoma. Mtu hubonyeza kifaa chenye alama ya mshangao kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akafungua sifa zake, akaenda kwenye ukurasa wa maelezo ya undani na kuchagua vitambulisho vya maunzi. Mstari unaotokea unatisha kwa mtazamo wa kwanza, lakini unasomeka. Wa kwangu wa waya wa mtandao ulianza hivi: PCI\VEN_10EC&DEV_8168. Herufi VEN zinatangulia namba ya mtengenezaji, na 10EC ni Realtek. DEV zinatangulia namba ya chipu, na 8168 ni familia ya chipu za ethaneti zinazopatikana kwenye mashine za makampuni chungu nzima. Baada ya kuzisoma chache mtu huanza kuzitambua kwa kuziona tu: 8086 ni Intel, namba inayokumbusha prosesa yake ya 8086 ya mwaka 1978, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, iliyoirithi kutoka kwa ATI, 14E4 ni Broadcom. Vifaa vya USB, kama kamera ya juu ya skrini, vina utaratibu huo huo ila herufi zake ni VID na PID.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo hili kwa sababu ndilo linalobadilisha utafutaji wote. Anayetafuta kwa jina la kompyuta yake hupata majibu ya kubahatisha, kwa kuwa mtengenezaji wa kompyuta mpakato hutoa mashine zenye jina moja zikiwa na kadi za waifai za aina mbili au tatu tofauti, kulingana na ipi ilipatikana wakati mashine ikiunganishwa. Anayetafuta kwa namba hapati utata huo. Kuna hazina ya Microsoft iitwayo Update Catalog ambayo inakubali kitambulisho hicho moja kwa moja kwenye kisanduku cha kutafutia, na humo nilipata draiva mbili kati ya saba. Nyingine zilitoka kwenye ukurasa wa msaada wa mtengenezaji wa mashine na kwenye tovuti za watengenezaji wa chipu wenyewe. Moja niliipata kwenye kifurushi kilichotengenezwa kwa ajili ya kompyuta ya kampuni nyingine kabisa, na hilo lisimshangaze mtu, maana kampuni inayobandika jina lake kwenye kifuniko mara nyingi si iliyotengeneza chipu zilizomo ndani.

Kifurushi hicho cha kampuni nyingine kilinifundisha jambo lililonipunguzia hofu. Nilipokifungua, programu ya usakinishaji ilikataa, ikisema kompyuta hii haihusiki. Lakini kabla ya kukataa ilikuwa imeshamwaga faili zake kwenye folda moja ndani ya diski. Niliingia humo nikakuta faili ndogo yenye kiishio cha .inf. Faili ya namna hiyo ni maandishi matupu. Inafunguka kwa Notepad, programu ndogo ya maandishi ya Windows, kama barua. Nilitafuta ndani yake tarakimu nne za kifaa changu, nikaziona zimekaa kwenye mstari mmoja na jina kamili la kadi ya waifai ambayo Windows ilikuwa imeshindwa kuitaja. Draiva ilikuwa yangu. Kilichokuwa kikinikataa ni bawabu tu aliyewekwa mlangoni. Nilirudi kwenye orodha ya vifaa, nikaiambia Windows itafute draiva kwenye folda ile badala ya kuipitia programu ya usakinishaji, na baada ya sekunde chache majina ya mitandao ya jirani yakajipanga kwenye kona ya skrini. Kwa haki niseme kwamba mbinu hii haifaulu kila mara, hasa kwa kadi za picha, ambazo faili zake za .inf huweza kudai pia namba inayofuata herufi SUBSYS, yaani namba inayotambulisha kampuni iliyounganisha mashine, na isipolingana Windows haitakubali.

Kati ya vile saba, kimoja kilikuwa kichekesho. Kilijiita kifaa kisichojulikana, na kitambulisho chake hakikuwa na VEN wala DEV bali kilisomeka ACPI\SMO8800. Nilikitafuta jioni nzima. Hatimaye nikagundua kwamba ni kitambuzi cha anguko, kinachopatikana kwenye kompyuta mpakato nyingi za Dell, ambacho kazi yake ni kuhisi mashine inapoporomoka kutoka mezani na kuiamuru diski iondoe kichwa chake cha kusomea juu ya sahani kabla haijagonga sakafu. Diski yangu ya sahani niliiondoa miaka mingi iliyopita nikaweka ya SSD, ambayo haina kichwa wala sahani. Nilikuwa nimetumia jioni nzima kutafuta mlinzi wa kitu ambacho hakipo. Kwa hiyo si kila alama ya manjano inastahili kufukuzwa. Mtu ajue kwanza kifaa hicho kinafanya nini, kisha aamue kama anakihitaji.

Kuhusu utaratibu wa kuzisakinisha, nilianza na draiva za chipuseti, yaani zile za ubao mkuu wenyewe, kwa sababu vifaa vingine vimeshikana nazo, na mara nyingine alama mbili tatu za manjano huondoka zenyewe baada ya hapo. Kisha mtandao, kisha picha, na vilivyobaki kwa mpangilio wowote. Mtu aangalie pia kama Windows aliyoiweka ni ya biti 32 au 64, kwa kuwa draiva ya moja haiingii kwenye nyingine hata ibembelezwe vipi.

Jambo lililonitesa zaidi ya yote, na ambalo sikulikuta katika maelekezo mepesi niliyoyasoma, ni saini. Tangu Vista, toleo lililoitangulia Windows 7, Windows za biti 64 hudai kila draiva ya ndani iwe na saini ya kidijitali, na wala sipingi, kwa kuwa draiva hufanya kazi kwenye kiini cha mfumo na draiva mbovu au ya hila ina uwezo wa kufanya lolote. Tatizo ni kwamba namna ya kutia saini ilibadilika. Draiva za miaka ya karibuni zimetiwa saini kwa utaratibu uitwao SHA-2, na Windows 7 kama ilivyo kwenye diski za zamani hautambui utaratibu huo ipasavyo. Matokeo yake mtu anapata draiva sahihi, ya kifaa sahihi, kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, anaisakinisha, inaingia, kisha kifaa kinabaki na alama ya manjano na ujumbe wa kosa namba 52, kwamba saini haikuweza kuthibitishwa. Nilirudia kusakinisha draiva ya picha mara nne nikidhani faili imepakuliwa vibaya. Dawa yake ni kuhakikisha kwanza Service Pack 1, yaani kifurushi kikuu cha masasisho ya Windows 7, imo, kisha kuongeza sasisho mbili za mwaka 2019, KB4490628 na KB4474419, ambazo zinaweza kupakuliwa kwenye ile hazina ya Microsoft na kubebwa kwa flashi. Wapo wanaoshauri kubonyeza F8 wakati wa kuwasha na kuzima ukaguzi wa saini, lakini njia hiyo hudumu hadi mashine itakapowashwa tena tu, na ni tabia mbaya kuizoea.

Na kwa kuwa nimetaja hila, naomba wasomaji wajihadhari na programu zinazotangaza kutafuta draiva zote kwa mbonyezo mmoja. Mtu aliyekata tamaa usiku wa manane ndiye mteja wao. Nyingi kati ya hizo hutoa hesabu ya kutisha ya draiva “zilizopitwa na wakati”, zikadai malipo kabla ya kugusa chochote, na zikaacha nyuma matangazo na vitu vingine ambavyo hukuviomba. Tovuti zenye vitufe vitano vya kupakulia kwenye ukurasa mmoja, ambapo kimoja tu ndicho cha kweli, ziko katika kundi hilo hilo. Kumpa mgeni kama huyo ruhusa ya kuweka programu ndani ya kiini cha mfumo ni kumkabidhi nyumba. Ni afadhali kadi ya sauti ikae bubu wiki nzima.

Ninapaswa pia kukiri kwamba mashine yangu ilinifaa kwa sababu ya umri wake. Mwaka 2014 maofisi mengi yalikuwa bado kwenye Windows 7, na watengenezaji walilazimika kuiandikia draiva. Mambo yaligeuka mwaka uliofuata. Chipuseti za Intel za kizazi cha Skylake, zilizoanza kutoka mwaka 2015, ziliondoa kidhibiti cha zamani cha USB 2.0, hivyo hata tundu jeusi halisaidii, na mtu hulazimika kupachika draiva za USB ndani ya faili za usakinishaji kabla ya kuanza. Januari 2016 Microsoft ilitangaza kwamba prosesa mpya zitahudumiwa na Windows ya karibuni peke yake, na kwa prosesa za kizazi cha Kaby Lake kilichofuata Intel haikutoa draiva ya picha ya Windows 7. Diski za NVMe, aina ya SSD zenye kasi zaidi, nazo Windows 7 haizioni bila kiraka cha ziada. Anayetaka kurudi hadi Windows XP ana shida yake nyingine, kwa kuwa XP haijui diski za SATA (njia ya kawaida ya kuunganisha diski) zilizowekwa katika hali ya AHCI, yaani namna mpya zaidi ya kuzidhibiti, na humwangusha mtu kwenye skrini ya buluu yenye kosa 0x0000007B, hadi abadilishe hali hiyo kwenye BIOS au apachike draiva mapema. Kwa mashine nyingi za leo jibu la kweli ni kwamba draiva ya mfumo wa zamani haijapotea, haijawahi kuandikwa.

Hilo linanifikisha kwa watengenezaji, ambao ndio ninaowalaumu zaidi ya mwandishi wa safu yako. Hakuna anayeweza kumlazimisha mtu aandike draiva mpya kwa mfumo wa miaka kumi na tano iliyopita. Lakini draiva iliyokwisha kuandikwa, ikajaribiwa, ikatiwa saini na kuwekwa hadharani, kuiondoa ni jambo jingine. Kifaa bila draiva ni plastiki na shaba. Mnunuzi alilipia vyote viwili, na kuiondoa moja ni kumnyang’anya sehemu ya alichonunua. Mwishoni mwa 2019 Intel iliondoa kwenye tovuti yake draiva na BIOS za bidhaa zake kadhaa za zamani, na haikuwa ya kwanza wala ya mwisho kufanya hivyo. Kinachobaki ni ukarimu wa watu wengine, kama ile hifadhi ya kurasa za zamani ya Internet Archive iitwayo Wayback Machine, ambako niliupata ukurasa wa draiva ya skana yangu ukiwa bado unasomeka baada ya mwenyewe kuufuta. Hata huko mtu anahitaji bahati, maana mara nyingi ukurasa umehifadhiwa na faili yenyewe haikuhifadhiwa.

Kwamba jambo hili linaweza kuwekewa sheria, mfano upo. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya mwaka 2019 kuhusu seva na vifaa vya kuhifadhia data, unawataka watengenezaji kuiweka wazi programu ya ndani ya kifaa kwa muda usiopungua miaka 8 baada ya kifaa cha mwisho cha aina hiyo kuingia sokoni. Inahusu seva, si kompyuta mpakato, na programu ya ndani ya kifaa, si draiva. Lakini hoja yake ni ile ile, na sioni kwa nini mwenye skana astahili pungufu ya mwenye chumba cha seva. Gharama ya kuacha faili ya megabaiti chache kwenye tovuti ambayo tayari ipo ni ndogo mno kuwa kisingizio.

Mwandishi wenu angeweza pia kuwatajia wasomaji njia isiyohitaji kufuta kitu, ambayo mimi nilipaswa kuijaribu kwanza na sikuijaribu kwa ukaidi tu. Programu kama VirtualBox huunda kompyuta ya kuigiza ndani ya mfumo mpya, na ndani yake Windows 7 hukuta vifaa vya kubuni inavyovijua au vyenye draiva zake tayari, kisha skana hukabidhiwa kwake kupitia USB. Kwenye Linux, nako, mradi wa SANE unahudumia skana nyingi ambazo watengenezaji wake walishazisahau. Na kwa anayeshikilia kurudi nyuma kama mimi, ajue kwamba Microsoft ilikoma kuipa Windows 7 marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Mashine yangu, ilipokwisha kukamilika, niliizima waifai ile ile niliyoihangaikia, na sasa inazungumza na skana peke yake.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Safu ikirudia ushauri huu, iongeze kwamba kabla ya kufuta diski msomaji aandike vitambulisho vya vifaa vyote kwenye karatasi, atafute draiva ya mtandao na ya chipuseti za mfumo anaouendea na kuziweka kwenye flashi, na kama mashine ina Windows 8.1 au ya baadaye, azihamishe pia draiva zilizopo kwa amri iitwayo export-driver ya DISM, chombo kilichomo ndani ya Windows yenyewe, kwa kuwa baadhi ya vifurushi hivyo hubeba ndani yake faili za Windows 7 vilevile, na vitamfaa siku akitaka kurudi alikotoka. Aliyekwisha kufuta anaweza kuwasha mashine kwa flashi ya Linux bila kuisakinisha, akaandika lspci -nn, na namba za vifaa vyake vya PCI zitajipanga mbele yake. Lakini kwa ambaye hajafuta, draiva isipopatikana mapema, diski ibaki ilivyo.

Wako katika kusoma,
Msomaji wa safu ya teknolojia